Bakuli la Meneja

Meneja alikuwa mbwa. Ni vyema jambo hili lieleweke mapema, kwa sababu asubuhi ile katika chumba cha kusubiri cha zahanati ya mifugo, muuguzi alipochungulia mlangoni na kuita, "Meneja mwenye kisukari, aingie!" mzee mmoja aliyekuja na kuku mgonjwa alisimama na kuvua kofia.

Chumba kilikuwa kimejaa. Paka walilia ndani ya vikapu, mbuzi mmoja alikuwa akitafuna kona ya tangazo lililokataza kuingia na mbuzi, na harufu ya dawa ya sakafu ilipigana na harufu ya manyoya yaliyoloa. Fundi cherehani alinyanyuka. Alivaa gauni la bluu lililomkaa kama nguo inavyomkaa mtu aliyejishonea mwenyewe, na futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni, maana alitoka kazini mbio. Akavuta kamba. Meneja, dume la kahawia lenye tumbo la cheo, hakutaka kuingia kokote. Alizunguka kiti kulia, akazunguka kushoto, akapita chini ya miguu ya kijana aliyekaa karibu na mlango, kisha akaketi ameridhika. Kijana alikuwa amefungwa miguu yote miwili.

"Dada," kijana alisema kwa utulivu, "mbwa wako amenikamata. Kosa langu nini?"

"Kosa ni la huyo mbwa wako, amelala katikati ya njia kama gunia."

"Huyu anaitwa Shangazi. Ni mzee, halafu ana moyo mkubwa."

"Wenye moyo mkubwa huwapisha wenzao."

"Nasema moyo mkubwa kweli, dada. Umevimba. Picha hii hapa." Akatoa picha ya eksirei kwenye begi na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha, kwa fahari ile ile ambayo watu wengine huonyesha picha ya mchumba.

Fundi aliutazama moyo wa Shangazi. Kisha akamtazama mwenye picha: shati jeupe lililopigwa pasi, nywele zilizochongwa kwa mstari ulionyooka, na begani nywele nyingine fupi fupi ambazo hazikuwa zake. Kinyozi, alijisemea. Hakukosea.

Daktari wa mifugo alikuwa mama mnene mwenye buti za mpira na sauti iliyofaa kuongoza gwaride. Alimpima Meneja, akamweleza fundi kwamba kuanzia siku hiyo mbwa atachomwa insulini asubuhi na jioni, akishakula, maisha yake yote. Akamkabidhi bomba la sindano. Fundi akalishika kwa ncha za vidole viwili, mbali na mwili.

"Kazi yako nini?" daktari aliuliza.

"Fundi cherehani."

"Fundi cherehani anaogopa sindano?"

"Zangu zinachoma nguo, daktari. Nguo hainitazami usoni."

Daktari akafungua mlango. "Wewe kinyozi! Una mkono mtulivu, njoo umshike huyu."

Kinyozi akaja, akamshika Meneja kichwa kama anavyomshika mtoto anayenyolewa mara ya kwanza, akamnong'oneza habari zisizo na maana. Fundi akafumba jicho moja, akachoma. Meneja hakugutuka. Aliyegutuka ni fundi, kwa sababu aliona kinyozi anamtazama yeye badala ya kumtazama mbwa.

"Umeweza," kinyozi alisema.

"Najua nimeweza. Nilikuwepo."

Zahanati ile ilikuwa na utaratibu wake. Kila Jumamosi asubuhi daktari alikusanya kwenye banda la nyuma familia zote zenye mbwa wenye maradhi yasiyopona. Walikuwepo mzee na mkewe ambao mbwa wao alikuwa na kifafa, mwalimu mstaafu aliyekuwa akimpikia chakula mbwa wake mwenye figo mbovu, na wengine. Walikunywa chai, wakafundishana namna ya kuficha kidonge ndani ya nyama, na aliyetaka kulia alilia bila kuulizwa. "Mbwa mgonjwa ana watu nyuma yake," daktari alikuwa akisema, "na wanaoanguka kwanza ni hao watu." Kwa hiyo sheria yake kuu ilikuwa hii: kila mbwa awe na mbadala, mtu wa familia nyingine anayejua dawa zake na mahali ufunguo ulipo, ili siku mwenyewe akikwama, mbwa asikwame. Alipouliza nani atakuwa mbadala wa Meneja, kinyozi aliinua mkono kabla swali halijaisha. Alipouliza wa Shangazi, fundi alichelewa kidogo, ili asionekane ana haraka.

Simu zikaanza. Mwanzoni zilikuwa za dawa.

"Fundi, Meneja kaamkaje?"

"Kaamka vizuri. Shangazi je?"

"Shangazi kakojoa zuliani tena. Ndiyo hivyo vidonge vya kutoa maji." Hapo wateja wote kwenye viti vya saluni waligeuka, na mmoja, dereva wa teksi aliyekuwa na povu hadi masikioni, akauliza kwa huruma, "Shangazi yako ni mtu mzima sana?"

Baadaye simu zikawa za dawa na mengineyo. Kisha mengineyo yakaipiku dawa.

"Mbona hujauliza habari za Meneja leo?"

"Nitauliza. Kwanza niambie umevaa nini."

"Pini kumi mdomoni na nywele timutimu."

"Mama yangu! Usinitese nikiwa nimeshika wembe."

Fundi aliishi na mama yake, matroni mstaafu wa bweni la wasichana, ambaye alistaafu bweni lakini bweni halikumstaafu yeye. Vitanda vilitandikwa kabla ya chai. Viatu vilipangwa ukutani kwa ukubwa. Meneja alikuwa mbwa wa marehemu mumewe, karani wa stoo aliyefanya kazi chini ya mameneja maisha yake yote bila kupandishwa cheo hata siku moja. Siku alipoletewa kitoto cha mbwa alikipa jina hilo, akakaa barazani na kusema, "Meneja, kaa chini." Kitoto kikakaa. Mkewe aliapa kwamba hakupata kumwona mzee amefurahi vile. Mzee alipofariki alimwachia binti yake cherehani na mbwa, na binti hakuwa tayari kupoteza hata kimoja. Mchumba wa kwanza wa fundi, mtu wa gari na marashi, alichoka na harufu ya mbwa na safari za zahanati, akasema, "Chagua, mimi au mbwa." Aliahidi kurudi Jumapili kusikia jibu. Fundi alimsubiri barazani amevaa vizuri, jibu analo mdomoni, ili amwambie usoni. Hakurudi.

Ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na kanuni iliyotungwa na matroni mwenyewe, kwa kuwa watu wawili wanaochoma mbwa mmoja lazima wajulishane. Mbwa akishakula na kuchomwa, bakuli lake la bati linafudikizwa, mdomo chini, kitako juu. Bakuli likiwa wima, hajachomwa. Hakuna kuulizana. Kinyozi alifundishwa kanuni hii mbele ya bakuli lenyewe, akaagizwa airudie kwa sauti, akairudia.

"Kijana anasikia," matroni alisema alipoondoka. "Lakini anatabasamu sana. Mwangalie."

"Ninamwangalia, mama."

"Hilo naliona."

Siku matroni alipotakiwa hospitali ya macho, ambako foleni huanza kabla jua halijachomoza, fundi alilazimika kumsindikiza. Alifikiri usiku mzima, kisha akampa kinyozi ufunguo wa nyumba. Kwenye kishikizo cha ufunguo alifunga kipande cha hariri nyeupe iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja. Alisema ni ili usipotee.

Asubuhi kinyozi alikuja. Alimlisha Meneja, akamchoma, akamsifu, akafudikiza bakuli kama alivyofundishwa. Mpaka hapo alikuwa mwanafunzi bora. Lakini ndoo ya maji ya Meneja ilikuwa uani, na mlango wa uani ulikuwa umefungwa kwa ufunguo mwingine. Meneja alisimama juu ya bakuli, ulimi nje, akalamba kitako cha bati, akamtazama kinyozi. Mwenye kisukari ana kiu kama shimo. Na kinyozi aliishi na mbwa wa moyo, mbwa anayemeza vidonge vya kutoa maji, ambaye kwake bakuli kavu ni hatari na bakuli lililofudikizwa ni dhambi. Mkono wake ulifanya kile ulichofanya kila siku nyumbani. Ukaliinua bakuli, ukalijaza maji ya mtungini. Akamkuna Meneja shingoni, akafunga mlango, akaenda kazini anapiga mluzi.

Fundi na mama yake walirudi kabla ya adhuhuri, matroni akiwa amefunikwa jicho moja. Bakuli lilikuwa wima, limelambwa likakauka. Fundi akampigia kinyozi. Simu ilikuwa imezimika, maana umeme ulikatika saluni tangu asubuhi na chaji ikaisha. Meneja naye, alipoulizwa, alitoa ushahidi wa uongo. Alilia, alizunguka bakuli, aliapa kwa macho yote mawili kwamba hajatia kitu tumboni tangu jana.

"Labda alikuja," matroni alisema.

"Bakuli liko wima, mama. Hakuja." Fundi alimwaga chakula kwa kishindo, Meneja akala kwa shukrani, na sindano ikaingia.

Simu iliita saa moja hivi baadaye, umeme uliporudi saluni.

"Mpenzi wangu, macho ya mama yanasemaje?"

"Usiniite mpenzi! Ungeniambia mapema kuwa huji."

"Siji wapi? Nilikuja. Nimemlisha, nimemchoma, tena hakulia."

Nyuma ya fundi sauti ya matroni ilisikika kutoka sebuleni: "Mbona Meneja anatembea kama mlevi?"

"Asali!" kinyozi akapiga kelele kwenye simu. "Mpake kwenye fizi, usimmiminie kooni! Nakuja!"

Alitoka saluni na aproni yake. Aliyekuwa kwenye kiti ni yule dereva wa teksi, amenyolewa shavu la kulia tu, lakini aliposikia mgonjwa anazidiwa alichomoa funguo za gari bila kuuliza mgonjwa ni nani. Alipomwona akipakiwa, miguu ikitetemeka na mdomo umejaa asali, alimeza mate, akasema, "Haya, twende," akaendesha akiwa na ndevu upande mmoja.

Zahanatini, daktari alimtundikia Meneja dripu ya sukari. Alifanya kazi mpaka mtetemo ukapungua. Kisha akageuka.

"Nani alimchoma?"

"Mimi," fundi na kinyozi walijibu kwa pamoja.

Daktari aliwatazama mmoja mmoja. "Nilisema nini hapa kila Jumamosi? Ukiwa na shaka, usichome. Sukari ikipanda siku moja nitaishusha. Ikishuka namna hii, ninaweza kukurudishia ngozi tupu. Tokeni nje."

Walisimama ukutani, karibu na mzee mwingine mwenye kuku mwingine.

"Bakuli lilikuwa wima," fundi alisema.

"Nililifudikiza."

"Nimelikuta wima! Kanuni moja tu. Mama yangu ana umri ule na macho yale, anaikumbuka. Wewe imekushinda."

Hapo kinyozi akakumbuka maji. Rangi ikamtoka usoni. "Alikuwa na kiu," alianza, "nikawa..."

"Lete ufunguo."

"Fundi, nisikilize. Hata wewe ungesubiri kidogo, ungeniuliza."

"Kusubiri mtu nimeshasubiri mara moja. Lete ufunguo."

Akautoa mfukoni, hariri yake imeshaanza kuchafuka, akauweka mkononi mwa fundi. Hakujitetea tena. Alibaki pale mpaka daktari alipotoka na kusema mbwa atapona, ndipo akarudi kummalizia dereva shavu la kushoto.

Meneja alipona. Alirudi nyumbani mwembamba kidogo na mwenye majivuno zaidi. Simu hazikupigwa. Jumamosi kinyozi alikaa upande mmoja wa banda na fundi upande wa pili, na mwalimu mstaafu aliyekuwa amezoea kukaa katikati yao alihama, akidai kuna upepo. Fundi sasa alimchoma Meneja peke yake, maana jicho la mama lilikuwa bado limefunikwa. Aliacha nguo za wateja asubuhi, aliacha nguo za wateja jioni, na bibi harusi mmoja alijaribu gauni akiwa amesimama jikoni kwao, mbwa akimnusa pindo.

"Utaanguka," mama yake alimwambia.

"Sitaanguka."

"Wasichana wangu wote walisema hivyo. Kisha nawaokota kwenye paredi ya asubuhi."

Ikawa siku moja kinyozi amechukuliwa mji wa jirani kumnyoa bwana harusi na kundi lake. Kurudi, basi likaharibikia njiani. Akampigia daktari. Daktari akampigia fundi.

"Wewe ndiye mbadala wa Shangazi. Saa ya dawa ya mchana imepita. Ufunguo uko kwa mama mwenye nyumba."

"Daktari, mimi na yeye hatuna..."

"Sijauliza mna nini. Shangazi ana moyo. Nenda."

Chumba cha kinyozi kilikuwa kimoja, safi kuliko alivyotegemea. Kitanda kimetandikwa hata matroni asingepata la kusema. Wembe na mashine zimepangwa juu ya taulo. Beseni la maji karibu na mlango lilikuwa limekauka. Shangazi alimpokea kwa mkia na kikohozi. Fundi alificha kidonge ndani ya kipande cha nyama, akakiweka kwenye bakuli, Shangazi akakimeza. Na mkono wa fundi, bila kumshauri mwenyewe, ukalifudikiza bakuli, maana dawa imeshanywewa.

Shangazi akaja juu ya bakuli. Akalamba kitako chake. Akamtazama fundi, ulimi nje, mbavu zikipanda na kushuka.

"Subiri, bibi yangu," fundi alisema, akaliinua bakuli, akalijaza maji.

Shangazi akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu. Mkono wa fundi ulikuwa bado kwenye ukingo wa bakuli alipoelewa mkono huo umefanya nini. Akakaa sakafuni na gauni lake la njano, bila kuangalia kama kuna nywele. Kisha akapiga simu.

"Shangazi amemeza dawa."

"Asante," kinyozi alijibu. Malori yalisikika yakipita nyuma yake.

"Na maji nimempa. Kwenye bakuli lile lile. Nilikuwa nimelifudikiza, nikaliinua."

"Kwa nini uliliinua?"

"Alikuwa na kiu."

Lori jingine likapita. "Basi," kinyozi alisema polepole, "ndivyo ilivyokuwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza. Ukadai ufunguo."

"Ungenifuata nyumbani!"

"Nilikaribia kumuua mbwa wa baba yako, fundi. Ningekuja na uso gani?"

"Huo huo ulio nao. Mwingine unao?" Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Sikiliza. Daktari alisema ukiwa na shaka usichome. Mimi sikuwa na shaka. Nilikuwa na hasira. Niliona bakuli, nikamwona yule mwingine, yule ambaye hakurudi. Sindano ile niliichoma kwa hasira, nikakubebesha wewe."

"Tuliichoma wote."

"Rudi basi."

"Basi halina gurudumu, mpenzi."

"Hiyo si kazi yangu. Rudi."

Aliingia jua likianza kupoa, ameshushwa mlangoni na yule dereva wa teksi, vumbi hadi kwenye nyusi, na mstari wa nywele zake kwa mara ya kwanza umepinda. Fundi alifungua mdomo kusema maneno aliyokuwa ameyapanga, lakini Shangazi, kwa furaha ya kumwona bwana wake pamoja na maji yote yale, akakojoa zuliani. Kinyozi akachukua tambara, akapiga magoti, akaanza kufuta.

"Nimekuwa nikiwaza," alisema akiwa chini. "Meneja ana asubuhi na jioni. Shangazi ana asubuhi, mchana na jioni. Wewe uko kule, mimi niko huku. Mbwa wana nafuu, sisi ndio tunakwisha. Ingekuwa nyumba moja..."

"Unaniposa au unapunguza safari?"

"Vyote viwili."

"Watu hupiga magoti."

"Niko magotini, fundi. Unataka nishuke mpaka wapi?"

Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafungua mkoba, akatoa ufunguo wenye hariri nyeupe, ambao hakuwa ameutoa humo tangu siku ile, akauweka mfukoni mwa shati la kinyozi kwa sababu mikono yake ilikuwa na tambara. "Ndiyo," alisema. "Lakini Shangazi halali kitandani."

"Hilo mwambie mwenyewe."

Wakampigia matroni, sauti ikiwa wazi wote wasikie.

"Shikamoo mama," kinyozi alisema.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mama, kinyozi anataka kunioa," fundi alisema.

"Kinyozi yupi?"

"Mama!"

"Nauliza tu, mwanangu. Wanaonyoa ni wengi. Ni yule wa asali?"

"Ndiye."

Walimsikia akivuta kiti, akiketi. "Anajua asali inakopakwa," alisema. "Atakuja na ndugu zake kwa heshima, tutazungumza. Lakini kanuni ya bakuli, tangu uliponisimulia mchana habari ya maji, nimeifuta. Imetushinda. Kuanzia leo tunatumia kibanio cha nguo. Kikiwa kwenye mkanda wa shingo, mbwa amechomwa. Kikiwa kwenye kamba ya nguo, bado. Kibanio hakinywewi maji. Mmesikia?"

"Tumesikia."

"Rudieni."

Wakarudia, pamoja, kama wasichana wa kidato cha kwanza.

"Vizuri. Sasa jioni imefika, Meneja anamaliza chakula, na kibanio kiko kwenye kamba. Teksi ipo hapo nje? Njooni. Nani anamchoma?"

"Mimi," fundi na kinyozi walijibu kwa pamoja.

"Hivyo hivyo ndivyo mlivyompeleka kwenye dripu!" matroni alifoka. "Nataka mtu mmoja!"

Fundi alimtazama kinyozi. Hakuwa amemwachia mtu wa nje sindano ile isipokuwa mara moja, na alijua mara hiyo ilivyoishia.

"Yeye, mama," alisema. "Mimi nitashika kibanio."